NENO NA MAANA: Msamba, Hodhi na Haya



Darasani tunafundishwa kuwa tafsida ni adabu ya lugha. Mbele za watu hatusemi kukojoa, tunasema haja ndogo. Ni desturi njema, wala safu hii haina nia ya kuivunja. Lakini mbele ya daktari tafsida humgharimu msemaji. Mama anayetokwa na mkojo kila akikohoa, akisema tu "naumwa tumbo la chini", huenda akarudi nyumbani na dawa ya tumbo.

Basi tuyatafute maneno. Misuli tunayoizungumzia imetandazwa chini ya nyonga kama machela, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Imebeba kibofu, mji wa mimba na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Wataalamu huiita misuli ya sakafu ya nyonga. Wenyeji wetu hapa Doha huiita kwa Kiarabu qaa al-haudh, na haudh hiyo ndiyo iliyotupa sisi hodhi la maji. Kwa Kilatini nako, pelvis ni beseni. Kiswahili kina pia msamba, jina la eneo lililo chini ya misuli hiyo, ingawa wengi wetu tunalijua kwa kupiga msamba tu.

Hodhi hilo hulegea kwa mimba na uzazi, kwa kikohozi cha muda mrefu, kwa kufunga choo na kwa kunyanyua mizigo mizito. Wanaume nao hupatwa, hasa baada ya kupasuliwa tezi dume. Mkojo huvuja, au mji wa mimba hushuka.

Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, alichapisha maelezo ya mazoezi ya kuikaza misuli hii. Leo miongozo ya afya ya Uingereza hushauri mwanamke anayevujwa na mkojo kwa kukohoa au kucheka aanze na mazoezi hayo kabla ya kufikiria upasuaji: kubana na kuachia angalau mara 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Usimamizi huo una sababu. Wengi hubana tumbo au makalio wakidhani wamebana penyewe. Wengine misuli yao imekaza kupita kiasi na inauma. Hao hufundishwa kuilegeza, na kubana zaidi huwazidishia maumivu.

Bibi zetu wa pwani walijua kuwa mzazi anahitaji kutunzwa: arobaini, maji ya moto, mkaja tumboni. Hata hivyo, mkaja hushika tumbo kwa nje. Misuli ya ndani haikazwi kwa mkaja; mwenyewe huifanyisha mazoezi.

Tutofautishe pia na fistula. Mama aliyepata uchungu wa muda mrefu, kisha mkojo ukawa unamtoka mchana na usiku bila kukoma, huenda ana tundu, na tundu kubwa haliwezi kuzibwa kwa mazoezi. Anahitaji upasuaji, kama unaofanywa CCBRT Dar es Salaam au Panzi huko Bukavu. Mazoezi humsaidia baadaye, kurudisha nguvu.

Hapa Doha tiba hii ipo, ikiwemo katika hospitali za Hamad. Dada na mama zetu wengi wanaofanya kazi mjini humu hawana Kiarabu wala Kiingereza cha kuielezea hali hiyo, na jirani akijua humwita kikojozi. Sisi tunaosoma lugha tunaweza kuwapa sentensi moja iliyo wazi na yenye heshima: "Mkojo unanitoka bila kutaka, tangu nilipojifungua." Tuifahamu kwa lugha zote tatu, na tukiombwa kufasiri, tuifasiri kama ilivyosemwa, bila kuipaka rangi.