Bili ya ajali alipe nani?

Ndugu mwandishi, umeizungumzia sana adhabu ya sekunde 10, ukairuka bili. Mbio za Formula 1 za Silverstone, Julai 2021, mzunguko wa kwanza tu, Hamilton na Verstappen wakagusana kona ya Copse. Verstappen akaishia kwenye kizuizi cha matairi. Hamilton akatumikia adhabu na bado akashinda. Red Bull, timu ya Verstappen, walitaja hasara ya dola milioni 1.8, na mwaka ule ndipo ukomo wa matumizi ya timu, dola milioni 145, ulipoanza. Yaani ugongwe, halafu matengenezo yakatwe kwenye fungu lako! Huku mtaani angalau mtabishana bei ya bampa na aliyekugonga. Baadaye Red Bull walitozwa faini ya dola milioni 7 kwa kuvuka ukomo huohuo. Siwatetei, walivuka. Ila gharama za ajali ya kusababishiwa zingewekwa kando.