Eti Edinburgh haina kitu!

Leo nina ugomvi na watu wangu mwenyewe, na nitausema waziwazi maana nimeuvumilia muda mrefu. Mbongo wa hapa ukimuuliza habari za mji huu anakurushia jibu lile lile: "Mimi sikuja kutalii, nimekuja kutafuta." Halafu anaongeza: "Na isitoshe Edinburgh haina kitu. Kasri tu, baridi, na chakula hakilika."

Naandika kama nesi, sio kama mtembeza watalii. Najua zamu ya masaa kumi na mbili inavyoifanya miguu. Najua pia kwamba zamu za ziada ndizo zinazojenga nyumba Kibaha na kuwalipia ada wadogo zetu. Hilo silibishi. Ninachobisha ni kule kujisifu. Mtu anakaa mji mmoja miaka kumi na moja, njia anazozijua ni mbili, ya wodini na ya dukani, na anaitaja hali hiyo kana kwamba ni cheti cha uchapakazi. Dada mmoja ninayemfahamu alimleta mama yake kutoka Tanga. Tiketi na viza vilikula akiba ya mwaka mzima. Mama wa watu akakaa wiki tatu ndani anaangalia televisheni ya lugha asiyoijua. Sio kwamba bintiye ana roho mbaya, hakujua tu pa kumpeleka. Bibi yule akarudi Tanga na habari moja: Ulaya ni chumba chenye joto ambacho nje yake kuna mvua.

Haya, tuanze na hoja ya hela, maana ndiyo yenye kelele. Kuingia kasrini ni ghali kweli, na mkiwa familia mtatoka mmenuna. Lakini nani kakulazimisha kuingia? Kasri limewekwa juu ya mwamba, unaliona ukiwa chini. Nenda Grassmarket, panda ngazi za Vennel, geuka nyuma: picha yako hiyo. Na mzinga wao wa saa saba mchana, unaopigwa tangu mwaka 1861 kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, unausikia Princes Street bila tiketi. (Mgeni wako mwambie mapema. Mimi niliwahi kumwona mzee wa kwetu amechutama.)

National Museum of Scotland pale Chambers Street ni bure. Jumba la picha pale The Mound ni bure. Bustani kubwa ya mimea, Royal Botanic Garden, kuingia bure. Na watoto wako, wale wa miaka 5 hadi 21 wenye kadi, hawalipi nauli ya basi Uskoti nzima tangu Januari 2022. Kadi unayo kwenye droo, mtoto yuko kwenye kochi. Sasa tatizo la hela liko wapi?

Kama miguu inauma, Arthur's Seat iache kwa vijana. Ni volkano iliyokufa, mita 251, na upepo wa kule juu hauna adabu. Wewe panda Calton Hill, dakika chache tu kutoka mwisho wa Princes Street, unauona mji wote na bahari. Juu kule kuna nguzo 12 zimesimama peke yake. Walianza mwaka 1826 kujenga mnara wa kuwakumbuka waliokufa vitani dhidi ya Napoleon, wakiiga hekalu la Ugiriki. Mwaka 1829 hela ikaisha. Mpaka leo! Ukisikia mtu anasema majengo yasiyokwisha yako Bongo tu, mpeleke pale.

Sasa hili la "haina kitu" ndilo linaloniudhi zaidi, hasa likitoka kwa nesi mwenzangu. Wewe unayempokea mama mzazi kutoka chumba cha upasuaji, ujue ni katika mji huu James Young Simpson alijaribu klorofomu kwa kuivuta mwenyewe na wenzake mwaka 1847, na akaanza kuwatumia akina mama wanaojifungua. Sanamu yake iko Princes Street Gardens, unapita na basi kila siku. Na pale Surgeons' Hall, Nicolson Street, tarehe 18 Novemba 1870 wanawake saba waliokuwa wanasomea udaktari walizuiwa mlangoni na genge la wanaume, wakarushiwa matope, hata kondoo akaingizwa ndani ya chumba cha mtihani. Mwisho wa yote chuo kikawanyima digrii. Walipewa mwaka 2019, wote wako kaburini siku nyingi. Mimi nikitoka zamu ambayo nimedharauliwa, na zipo, napenda kupita pale kwa miguu.

Tena tusijifanye kwamba mji huu hautuhusu. Mwalimu Nyerere alisoma hapa kuanzia 1949 hadi 1952, akaondoka na shahada yake. Wazungu wanapanga foleni kugusa pua ya sanamu ya mbwa, Greyfriars Bobby, na sisi tunapanga nao, kisha tunaondoka bila kutembea dakika tano hadi Old College, kwenye chuo cha mtu tunayemwita Baba wa Taifa. Mwanao aliyezaliwa hapa atamjulia wapi?

Livingstone naye amesimama Princes Street Gardens na Biblia mkononi. Mweleze mtoto nusu ya pili ya habari: alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, walioibeba maiti yake miezi mingi hadi Bagamoyo ni Abdullah Susi, James Chuma na wenzao. Mtu wa Bagamoyo anapita chini ya sanamu ile na mifuko ya manunuzi, hana habari!

Halafu St Andrew Square. Juu ya nguzo ya zaidi ya mita 40 amesimama Henry Dundas. Mwaka 1792 hoja ya kukomesha biashara ya watumwa ilipofika bungeni London, yeye ndiye aliyechomeka neno la kwamba ikomeshwe polepole. Ilikuja kupigwa marufuku mwaka 1807. Wapo wanaomtetea kwamba alikuwa anatafuta njia ya kati ili hoja isife kabisa. Mwaka 2021 halmashauri iliweka kibao cha kueleza habari hiyo, 2023 wasiokubaliana nacho wakaking'oa, 2024 kikarudishwa. Wenyeji wanagombana mpaka kung'oleana vibao kuhusu habari zetu, sisi tunakula sandwichi kwenye benchi chini yake.

Tumalizie na tumbo. Wanaosema chakula hakilika wengi wao walikula Royal Mile, kwenye mgahawa wenye menyu ya rangi za sketi za Kiskoti, na walistahili. Mimi kule sili. Ukitoka Surgeons' Hall tembea kidogo tu hadi Nicolson Square, kuna Mosque Kitchen, wali na mchuzi sahani imejaa, bei ya watu wenye kodi ya nyumba. Siku ya baridi tafuta cullen skink, supu nzito ya samaki wa moshi, viazi, vitunguu na maziwa. Mtu wa kanda ya ziwa akiionja atanyamaza.

Na haggis, jamani. Haggis ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, vimesagwa na oti, vitunguu na viungo, kwa asili hupikwa ndani ya tumbo la mnyama, huletwa na viazi na tanipu vilivyopondwa. Sasa wewe unayeamka Jumapili kutafuta supu ya utumbo, na wewe Mkenya mwenye mutura yako ya kando ya barabara, mnakunja pua mbele ya haggis kwa misingi gani? Mmoja alinijibu, "Ile yetu naijua." Basi onja na hii uijue. Waislamu ulizeni kwanza, ya halali ipo, na ya mboga tupu pia ipo.

Usiku ukitoka zamu na njaa yako, ingia duka lolote la samaki na chipsi. Muuzaji atakuuliza kama unataka chumvi na sosi. Mwambie ndiyo. Ni sosi ya kahawia iliyolegezwa, ya mji huu. Ukiomba siki atakupa, lakini atajua umetokea Glasgow.