MOSHI SI MSHAHARA



Liko neno moja linalozungushwa siku hizi katika maofisi ya wakubwa, na hata baadhi yetu tumeanza kulirudia kama kasuku. Neno lenyewe ni hili: mji ukikua lazima utoe moshi, na mtu anayelalamika juu ya moshi ni adui wa maendeleo. Wakitakiwa kutoa ushahidi hunyosha kidole upande wa Uchina. Husema, tazameni Wachina, walivumilia moshi wa viwanda miaka mingi na leo ni matajiri. Basi nasi tuvumilie, hewa safi itakuja nyuma.

Mimi ni mtu wa reli. Elimu yangu ni ya shule ya misheni na haikufika mbali, lakini hesabu nilifundishwa sawasawa. Nataka kulijibu neno hilo kwa hesabu.

Ni kweli Wachina walikula moshi. Mwezi wa Januari 2013 mji wa Beijing ulifunikwa na moshi wa makaa ya mawe, wa viwanda na wa motokaa, hata majumba ya ng'ambo ya barabara yakapotea machoni. Liko vumbi jembamba la moshi, ambalo punje yake ni nyembamba kuliko unywele mara ishirini na zaidi. Vumbi hilo halizuiliwi na pua. Hupita moja kwa moja hata ndani kabisa ya mapafu. Mwaka ule wastani wake Beijing ulikuwa mikrogramu 89.5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Shirika la Afya la Dunia lilisema mwaka 2021 kwamba wastani wa mwaka usivuke 5. Hiyo ni karibu mara 18.

Lakini je, Wachina walisema tuvumilie? Hapo ndipo wanaotutolea mfano huo hukatisha hadithi. Tangu 2008 ubalozi wa Marekani mjini Beijing ulikuwa na mashini ya kupima hewa, na hesabu yake ikitangazwa kila saa. Wananchi wakalinganisha hesabu ile na maneno ya wakubwa wao, wakaona hayaendi pamoja, wakapiga kelele. Septemba 2013 serikali yao ikatoa mpango wa kusafisha hewa, na Machi 2014 Waziri Mkuu Li Keqiang akatangaza mbele ya bunge lao vita juu ya uchafuzi. Kiwanda kikubwa cha chuma cha Shougang kilikuwa kimekwisha kuhamishwa mjini kabla ya hapo. Stesheni kubwa ya mwisho ya stima iliyochoma makaa ya mawe Beijing ilifungwa Machi 2017. Mwisho wa mwaka huohuo mabasi yote ya mji wa Shenzhen, zaidi ya 16,000, yalikuwa yakienda kwa stima. Mwaka 2021 vumbi lile Beijing lilikuwa limeshuka hata 33. Bado ni baya, maana ni zaidi ya mara sita ya kiasi kinachotakiwa, lakini limepungua zaidi ya nusu kwa miaka minane. Na je, kwa kupunguza moshi Uchina ikawa maskini? Viwanda viliendelea kufanya kazi na mali iliendelea kuongezeka. Basi shahidi waliyemwita wenyewe amewageuka.

Tena msifikiri nawasifu Wachina bila kipimo. Lipo jambo la kutisha katika habari yao, nalo ni letu sisi wafanyakazi hasa. Februari 2016 serikali yao ilitangaza kwamba watu 1,800,000 wa makaa ya mawe na chuma wataondolewa kazini, hasa kwa kuwa viwanda vilizidi soko, ikatenga yuan bilioni 100 za kuwasaidia. Katika majira ya baridi ya 2017 watu wa vijiji vya kaskazini walikatazwa kuchoma makaa kabla bomba la gesi halijawafikia, wakatetemeka majumbani, na watoto wakatetemeka shuleni, mpaka Desemba wizara ikalazimika kuruhusu makaa tena. Na moshi wa Shougang haukutoweka wote. Kiwanda kilikwenda Tangshan, kwa watu wengine. Huko wafanyakazi hawana chama chao wenyewe. Kipo kimoja tu cha nchi nzima, nacho kiko chini ya chama kinachotawala. Aliyeamua kuchafua ndiye aliyeamua kusafisha, na mara zote mbili fundi hakuulizwa.

Sasa turudi kwetu. Nairobi ilianza mwaka 1899 kwa kambi ya reli, kwa hiyo tuna haki ya kuusema mji huu kuliko wengi. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake nyepesi, na injini isiyotunzwa hutoa moshi mwingi zaidi mahali pa namna hiyo. Motokaa zinazoletwa zimekwisha kutumika kwingine hata miaka minane. Mtu atokaye Kawangware saa kumi na mbili asubuhi huanza na moshi wa jiko la makaa chumbani, akitoka nje anakuta takataka zinachomwa kando ya njia kwa sababu hakuna gari lililokuja kuzizoa, halafu anasimama kituoni nyuma ya matatu ambayo dereva hazimi injini mpaka kiti cha mwisho kijae. Akishuka mjini, kule Railways au Odeon, ni mamia ya matatu yanafanya vilevile. Vipimo vilivyochukuliwa Nairobi kwa miaka mingi vimekuta vumbi lile jembamba juu ya kiasi cha Shirika la Afya, na kando ya barabara kubwa ndiko kubaya zaidi.

Watatuambia tuna ile barabara ya juu. Naam, tunayo. Ilifunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hata Westlands, ikajengwa na kampuni ya Kichina, na miti mingi ya kando ya njia ikakatwa. Ule mkuyu mkubwa wa Waiyaki Way uliponea chupuchupu kwa amri ya Rais Novemba 2020. Mti mmoja ulihitaji amri ya Rais, yafaa mtu ajiulize mapafu ya mchuuzi yatahitaji amri ya nani. Mwenye pesa hulipa akapita juu. Chini yake wanabaki askari wa barabarani, makanga, mama wa mboga, wafagiaji, mabawabu na makuli. Wageni wa Umoja wa Mataifa wanaokwenda Gigiri, kwenye makao makuu ya mazingira ya dunia nzima, nao waweza kupita juu wakafika mkutanoni kuzungumza habari za hewa bila kuvuta hewa tunayovuta sisi.

Wala moshi hauulizi lango. Lavington na Kawangware ni majirani, ukuta ukiwa umewatenga watu, upepo haukutengwa. Huenda hiyo ndiyo hoja pekee itakayowafikia watu fulani, basi nami naitaja.

Niseme sasa juu ya kazi yetu. Watoto wanauita usafiri wetu gari la moshi, jina lililobaki tangu zile Garratt zilizolala sasa katika Makumbusho ya Reli. Tungedhani siku hizi jina hilo ni la kuchekesha tu. Lakini reli mpya ya kwenda Mombasa ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2017 ilifunguliwa kwa injini za dizeli zilizotoka Uchina, wakati ambapo huko kwao zaidi ya nusu ya reli ilikwisha kutiwa nyaya za stima. Reli ya Addis Ababa kwenda Djibouti, iliyojengwa na Wachina haohao, ni ya stima. Ndugu zetu wa Tanzania walianza kuendesha treni za stima kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, zikafika Dodoma mwaka huohuo. Na sisi Kenya ndio wenye mvuke wa Olkaria, wenye maji na upepo, hata karibu sehemu tisa katika kumi za stima yetu hazitokani na mafuta. Tuna stima safi, tukanunua injini za moshi. Anayesema Wachina ndio walimu wetu, na atueleze kwa nini tulichukua somo la zamani.

Dizeli si kero ya pua tu. Juni 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Dunia waliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Na mojawapo ya chunguzi kubwa juu ya jambo hilo ulihusu watu kama sisi: wafanyakazi wa reli wa Marekani karibu 55,000 walifuatwa kuanzia 1959 hata 1996, na wale waliofanya kazi kwenye treni za dizeli walikufa kwa kansa ya mapafu kwa kiasi cha asilimia 40 zaidi ya wenzao. Dereva na fundi wasomeshwe hesabu hiyo siku ya kwanza ya kazi.

Badala yake tunasomeshwa nini? Katika karakana moja niliyopitia zamani, ambayo jina lake naliacha, injini ziliachwa zikinguruma ndani ya banda, milango imefungwa kwa ajili ya mvua. Fundi mmoja akaomba feni ya kutoa moshi. Akaambiwa kama kifua chake ni dhaifu atafute kazi ya karani.

Najua wapo wanachama watakaosimama mkutanoni waseme chama ni cha mshahara, mambo ya hewa tuwaachie wanafunzi wa chuo kikuu. Ndugu zangu, kibarua anayelipwa kwa siku akilala siku tatu kwa kifua, mshahara wake umekatwa siku tatu, na hakuna aliyetia sahihi. Tangu Oktoba 2024 tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya. Tunalipia tiba ya moshi ambao mwingine amepata faida kwa kuutoa. Kama hayo si mambo ya mshahara sijui mshahara ni nini.

Wengine husema haiwezekani. Iliwezekana mwaka 2006 risasi ilipoondolewa katika petroli ya Kenya. Iliwezekana Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilipopunguza salfa katika dizeli. Motokaa hazikusimama, na wauza mafuta hawakuonekana wakiomba sadaka. Tangu 2014 tuna kanuni za ubora wa hewa, na Katiba ya 2010 katika kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioharibiwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, walishinda mahakamani mwaka 2020, wakanyang'anywa ushindi 2023, na Mahakama ya Juu ikawarudishia Desemba 2024, shilingi bilioni 1.3. Miaka mingi, na wengine hawakuifikia hukumu. Lakini walioendelea kusimama walikuwa watu wa kawaida wa mtaani.

Basi tudai nini? Kwanza karakana yetu, maana hapo hatuhitaji kumngoja mtu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kamati ya usalama kila mahali penye wafanyakazi 20 na zaidi. Kamati hiyo iandike katika vitabu vyake kwamba injini isiyotengenezwa izimwe ndani ya banda, feni ziwekwe, na mapafu ya kila dereva, fundi na mpanga mabehewa yapimwe anapoingia kazini na kila mwaka, na karatasi ya kipimo apewe yeye mwenyewe. Fundi akidai fidia baada ya miaka ishirini bila karatasi, wakili wa mwajiri atasema alivuta sigara.

Habari ya mji, tunataka hesabu ya hewa itangazwe kila siku mahali watu wanaposimama, pale Westlands, Kangemi na Kawangware, kama bei ya mafuta inavyotangazwa. Tunataka treni za njia ya Kikuyu, Dagoretti na Kibera ziongezwe, maana treni moja iliyojaa huondoa matatu mengi barabarani, na hiyo ni kazi kwetu vilevile. Matatu mbovu ikikamatwa alipe mwenye gari, si dereva anayetafuta hesabu ya tajiri. Na mtu asituletee amri ya kukataza jiko la makaa kabla ya gesi kuwa rahisi. Kodi ya gesi iliondolewa 2016, ikarudishwa asilimia 16 mwaka 2021, ikapunguzwa 2022, ikaondolewa tena 2023. Mama wa Kawangware aliyenunua mtungi aliurudisha chini ya kitanda akawasha makaa, na hakukosea.

Kila fundi na dereva aandike kabla ya mkutano wa tawi unaokuja siku ngapi alikosa kazi kwa kifua tangu Januari, alikuwa banda gani, na injini ngapi zilikuwa zikinguruma. Karatasi zipewe mjumbe wa karakana, si msimamizi.

Mfanyakazi wa Reli, Nairobi