Ukisifiwa, Uliza Kwanza!

  Wiki hii nina kisa.

Basi bwana, nina binamu yangu anapika katika hoteli moja ya ufukweni kule Unguja. Shule aliishia darasa la saba, lakini Kiitaliano cha jikoni anakipiga utadhani kazaliwa Roma. Watalii wa Kiitaliano ni wengi kule, na neno la kwanza alilolidaka kwao ni 'squisito', yaani kitamu mno. Mtaliano akionja urojo wake akatamka hilo, binamu anajua mambo bomba, bakshishi iko njiani.

Siku moja akaja mgeni kutoka Ureno. Akaletewa urojo, akachota kijiko kimoja, akalitazama bakuli, akasema taratibu: 'Esquisito.' Lo! Binamu mbio jikoni, akarudi na bakuli la pili, bajia na viazi vimejaa mpaka vinamwagika. Eti, hili la bure, mzee wangu! Mtoto wa watu kwa adabu zake akalimaliza lote, huku jasho linamtiririka.

Jioni mhudumu mwenzake anayejua Kireno kidogo ndiye aliyemtonya. Kwa Kireno, neno hilo maana yake ni kitu cha ajabu, kisichoeleweka!

Wewe unacheka, lakini binamu alilia. Akanipigia simu, anasema hapiki urojo tena, kumbe miaka yote wazungu wanamkejeli. Msomaji, huyu ni mama wa watoto wawili, na mkono wake wa mapishi ndio shamba lake na ndio cheti chake. Ikabidi nikimbilie kamusi.

Kumbe maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao ni neno la Kilatini, 'exquisitus', maana yake kilichotafutwa kwa makini mpaka kikapatikana. Sasa kitu cha kutafutwa hivyo ni adimu, na hapo ndipo ndugu wakaachana njia. Mtaliano na Mhispania walisema kitu adimu ni kizuri, kwa hiyo ni kitamu. Mfaransa naye akafuata, anasema 'exquis'. Mreno zamani alikuwa nao, neno lake lilikuwa na maana ya kitu bora, cha kuchagua. Lakini taratibu akageuza: kitu adimu hatujakizoea, na tusichokizoea ni cha ajabu.

Usimcheke Mreno. Hata sisi vijana, noma si ilikuwa balaa na aibu? Leo wimbo ukitikisa mtaa, tunasema huo wimbo ni noma. Na neno letu gereza tulilitoa kwa Wareno hao hao. Kwao 'igreja' ni kanisa. Wenzetu wanaingia humo kusali, sisi tunaingizwa kufungwa!

Ila angalia, si kila maneno yanayofanana ni ndugu. Mtaliano akiagiza 'burro', mletee siagi. Kwa Mhispania na Mreno, 'burro' ni punda. Hawa si ndugu kabisa, wamefanana sura tu kama watu wanavyofanana kwenye daladala. Ukimletea Mtaliano punda mezani, kazi huna.

Nikamwambia binamu: Wataliano hawakukudanganya hata siku moja. Na yule Mreno hakukutukana, alikuwa hajawahi kukutana na bakuli lenye ukali wa ndimu, bajia, viazi na pilipili vyote kwa pamoja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kesho nitapika."

Basi wapenzi, hata nyumbani ni hivyo hivyo. Mwenzio akikwambia wewe ni mtu wa ajabu, usikimbilie kununa wala kununua zawadi. Muulize kwanza ana maana gani.

Na binamu? Siku hizi sifa hazimbabaishi, wala bakuli tupu halimdanganyi, maana hata Mreno alilimaliza. Anamfuata mgeni mezani anauliza tu, "Nikuongezee?" Akiitikia mwenyewe, hapo tena hakuna haja ya kamusi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.