Kura Moja ya Chake Chake

Katika uchaguzi wa Januari 1961, jimbo la Chake Chake, Pemba, lilimpata mwakilishi wake kwa ziada ya kura moja tu. Afro-Shirazi ikatoka na viti 10, Hizbu viti 9 na ZPPP viti 3. Serikali haikupatikana, ukaitishwa uchaguzi mwingine mwezi Juni, nao ukaambatana na mauaji ya watu 68. Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Walio wengi wakabaki nje, na serikali ile haikufikisha wiki tano baada ya uhuru wa 10 Desemba. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964.

Vyama vingi viliporejea, mwanya ulikuwa mwembamba vilevile. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad akipata 49.8. Mshindi alichukua vyote, na nusu ya nchi ikajiona haina kwao. Baada ya uchaguzi wa 2000 uhasama ukakomaa, na tarehe 27 Januari 2001 damu ikamwagika.

Dawa ilitoka Visiwani kwenyewe. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana wakaridhiana, na tarehe 31 Julai 2010 takriban theluthi mbili ya wapiga kura waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Mwaka huo huo Dk. Ali Mohamed Shein alishinda kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1, na Visiwa vikalala salama. Kufutwa kwa uchaguzi wa 2015, na CUF kuususia ule wa marudio wa Machi 2016, kuliukata uzi huo. Uliungwa tena Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine uliogharimu roho za watu, Maalim Seif alipoapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Alifariki Februari 2021.

Sisi wa Kibaha na Kisarawe tulizoea kuyatazama hayo kama mambo ya ng'ambo ya bahari. Tarehe 29 Oktoba 2025 ilituondolea dhana hiyo, kwani Bara nako watu walipoteza maisha. Hapana budi, basi, makada wanaopita katika Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, Kwa Mfipa, wafundishwe historia hii yote, pamoja na kurasa zake chungu kwa Chama chetu.

Tuliosoma chuoni tulifundishwa mapema kwamba madaraka ni amana, na mwenye amana hushauriana. Kura humchagua wa kuongoza. Haimfukuzi mtu katika nchi yake. Basi kila tawi na kila shina, lianze kwa kumwendea jirani aliyeshindwa, limsikilize bila kumkebehi. Kazi hiyo haingojei amri kutoka juu.