Sola ya kuunga mwenyewe: 'Umeme mdogo' unaoweza kuunguza nyumba

Nenda duka lolote la vifaa vya sola Kariakoo, simama pembeni dakika chache, sikiliza wateja. Paneli hii wati ngapi? Betri inakaa saa ngapi? Inveta hii itasukuma friji? Hamna punguzo kidogo?

Swali ambalo hutalisikia kirahisi ni hili: niweke fyuzi ya ampea ngapi?

Na muuzaji naye halitaji. Paneli inafungwa kamba, betri inapakiwa kwenye bodaboda, mteja anaondoka na umeme wake. Nyumbani atauunga mwenyewe, au shemeji yake anayejua umeme kidogo, au kijana wa mtaani aliyeangalia video YouTube. Jioni taa zinawaka, TV inawaka, majirani wanakuja kushangaa. Kazi imeisha.

Kumbe kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, ambacho kingesimama kati ya betri na moto, hakikupanda ile bodaboda.

Paneli zimeshuka bei, mafundi hawajaongezeka

Hii habari inakua kwa kasi kuliko wengi tunavyofikiri. Agosti 2025, taasisi ya utafiti wa nishati ya Ember ilitoa ripoti kuhusu paneli ambazo Afrika inanunua kutoka China. Katika miezi 12 hadi Juni 2025 ziliingia paneli zenye uwezo wa zaidi ya megawati 15,000, ongezeko la asilimia 60 kwa mwaka mmoja. Ukiitoa Afrika Kusini, nchi nyingine za bara hili kwa pamoja zimeongeza ununuzi karibu mara 3 ndani ya miaka 2.

Sehemu ya paneli hizo inakwenda kwenye miradi mikubwa yenye wahandisi. Lakini nyingine zinaishia juu ya mabati ya kawaida: saluni, mabanda ya kuku, visima, maduka ya vinywaji baridi, nyumba za watu waliochoka kukatikiwa umeme au ambao nguzo haijawafikia kabisa. Mimi sina ugomvi na watu hawa. Kusubiri nguzo miaka 10 wakati jua linawaka bure kila siku hakuna maana yoyote.

Ila kuna imani moja inayotembea na biashara hii mtaani, na ndiyo yenye hatari: kwamba umeme wa betri ni mdogo, volti 12 tu, hauna madhara.

Volti 12 haikupigi shoti. Inaunguza.

Ni kweli, ukigusa ncha mbili za betri ya gari kwa mikono mikavu hutasikia kitu. Hapo ndipo watu wanapokosea hesabu. Volti ndiyo inayoamua kama umeme utapita mwilini mwako. Kinachopasha waya joto hadi plastiki ikayeyuka ni ampea.

Chukua inveta ya wati 1,000. Upande wa volti 220, wati hizo ni chini ya ampea 5, na waya mwembamba unatosha. Upande wa betri ya volti 12, wati zilezile zinahitaji zaidi ya ampea 80, na ukijumlisha zinazopotea ndani ya inveta unakaribia 90 au 100. Lakini ukienda kuangalia nyumba za watu, mara nyingi waya uliotumika pande zote mbili ni uleule: 2.5, wa kufungia soketi.

Waya huo wa shaba, ukienda mita 2 kutoka kwenye betri na kurudi mita 2, ukibeba ampea 90 unatoa joto la zaidi ya wati 200. Yaani ni kama umelaza kifaa cha kupasha joto ukutani, nyuma ya kabati, na hakina swichi.

Na dalili yake inadanganya. Volti zinapotea njiani, inveta inaanza kulia kwamba umeme umepungua, mwenye nyumba anasema betri imekufa. Anajinyima, ananunua betri kubwa zaidi, anaiunga kwa waya uleule. Sasa ana chanzo chenye nguvu zaidi kinachosukuma kwenye njia ileile nyembamba.

Hapo bado hatujazungumzia shoti yenyewe, pale panya anapotafuna waya au spana inapoangukia kwenye teminali mbili. Betri ya gari ikiunganishwa moja kwa moja inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mpigo. Pete kidoleni ikigusa wakati huo, inaunguza nyama hadi ndani. Mafundi wazoefu huvua pete na saa kabla ya kugusa betri, na wana sababu.

Fyuzi ipo kwa ajili ya waya

Wengi wanadhani fyuzi inalinda TV. Hapana, inalinda waya. Inatakiwa ikatike kabla waya haujafika kiwango cha kuungua, kwa hiyo saizi yake inafuata unene wa waya. Kwa ile inveta ya wati 1,000 kwenye volti 12, kebo ya milimita za mraba 35 na fyuzi ya ampea 125 vinaendana. Fyuzi ya ampea 125 kwenye waya wa 2.5 ni pambo tu, waya utaungua kwanza.

Mahali pa kuiweka nako kunapuuzwa. Inakaa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 20 hivi. Ukiiweka kule kwenye inveta, kipande chote cha waya kutoka kwenye betri hakina ulinzi.

Na ikikatika, tafuta sababu. Kila mtu amewahi kuona ile dawa ya mtaani: karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, au msumari. Taa zinarudi, ndiyo.

Kosa jingine ni la watu wanaojitahidi, na hilo linauma zaidi. Mtu anajua anahitaji kinga, anakwenda kununua breka ya kawaida ya nyumba na kuiweka upande wa betri au paneli. Breka hiyo imetengenezwa kwa umeme wa gridi, ambao mkondo wake unageuka na kupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo cheche inapata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri na paneli hauna sifuri. Breka inapojaribu kukata, cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani yake hadi kifuniko kikayeyuka. Breka na fyuzi za kazi hii zinaandikwa DC pamoja na volti zake. Zipo madukani, ila lazima uziulizie.

Sola ya leo si ile ya mwaka jana

Tuseme wewe ulikuwa mwangalifu na kale kamfumo kako ka paneli moja, betri moja, taa tano. Sasa umeamua kupanda daraja, na ndiko soko lote linakokwenda. Paneli za wati 550 zinazojaa mjini, kila moja ikiwa haijaungwa na mzigo inatoa karibu volti 50. Ukiziunga 8 kwa mstari mmoja, kama inveta nyingi mpya zinavyotaka, una volti 400 za mkondo mnyoofu zinazoshuka kutoka kwenye bati hadi sebuleni.

Hizo zinaua. Na haziwezi kuzimwa kama balbu: jua likiwepo, paneli zina umeme. Ukichomoa viunganishi vyake wakati mzigo umewaka, cheche inayoruka inaweza kukuchoma na kuwasha moto. Kwa hiyo yule kijana aliyekufungia taa tano mwaka jana bila tatizo anaweza kuja na bisibisi ileile na ujasiri uleule kwenye mfumo ambao haumsamehi.

Betri chini ya kitanda

Nyumbani kwetu kijijini betri ilikaa miaka chini ya kitanda cha wageni, kwa sababu ndipo palipokuwa salama dhidi ya wezi. Shuka za kitanda kile zilikuwa zinatoboka vitundu vidogo vidogo. Tulilaumu mende. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba ilikuwa asidi.

Betri ya kuongezwa maji, ikichajiwa hadi kujaa, inatoa hidrojeni. Gesi hiyo haina harufu, inapanda juu, na ikifika asilimia 4 ya hewa ya mahali ilipojikusanya, cheche moja tu inatosha kuilipua. Chumba chenye dirisha lililofungwa kwa sababu ya mbu, na waya unaochomolewa gizani kwa tochi ya simu, si mahali pake. Hali inakuwa mbaya zaidi kwa wale wanaoruka kontrola ya kuchaji ili kubana bajeti na kuunga paneli moja kwa moja. Paneli ya kawaida ya "volti 12" inaweza kufika volti 21, wakati betri inataka kuishia kwenye 14 na kitu. Inachemka mchana kutwa.

Lithiamu imeondoa tatizo la asidi na kuleta lake. Zile zinazouzwa kwa ajili ya sola, nyingi zikiwa za aina ya LiFePO4, zinavumilia joto kuliko za simu na kompyuta mpakato. Shida inaanza kwa mtu anayekusanya seli za kompyuta zilizotupwa, anazichomelea pamoja na kuzifunga kwa gundi ya plastiki bila ile bodi ndogo ya ulinzi inayozuia kila seli isichajiwe kupita kiasi. Seli hizo zinaishia volti 4.2. Zikipitishwa hapo, au zikiwa tayari zimeharibika, zinaweza kuanza kujichemsha zenyewe, na moshi wake ni sumu. Moto wa namna hiyo usiupiganie. Toa watu, funga mlango, piga 114, Zimamoto.

Halafu kuna lile la waya wenye plagi dume pande zote mbili, wa kuchomeka inveta kwenye soketi ili "nyumba nzima iwake" TANESCO wakikata. Umeme huo unaweza kutoka kupitia mita hadi nje, na kule kuna fundi juu ya nguzo anayeamini laini imezimwa. Swichi ya kubadilishia umeme ipo kwa ajili ya hilo. Sioni kisingizio hapa.

Sheria ziko darini, bidhaa iko kaunta

Vifaa vidogo vya sola vinavyouzwa vikiwa seti kamili, kama zile za kulipia kidogo kidogo kwa simu, vimekuwa na mfumo wa ubora kwa miaka. Mpango wa VeraSol unapima seti hizo, lakini unaishia wati 350. Juu ya hapo, na kwa mtu anayenunua kila kipande duka lake, seti haipo. Kuna paneli ya kampuni moja, inveta ya nyingine, waya wa kukata kwa mita, na hakuna aliyepima vikiwa pamoja.

Kenya walijaribu mapema. Kanuni zao za mwaka 2012 zinataka fundi wa sola awe na leseni, kwa madaraja ya T1 hadi T3, na msimamizi leo ni EPRA. Hapa kwetu EWURA inatoa leseni za mafundi umeme na TBS inashughulikia viwango vya bidhaa. Ukisoma makaratasi utaona mambo si mabaya.

Lakini leseni inamkamata fundi, na kwenye hadithi hii mara nyingi fundi hayupo. Kuna mwenye nyumba na bisibisi yake. Hakuna mkaguzi atakayepanda kila bati kutoka Mbagala hadi Sumbawanga. Mahali pekee ambapo mfumo wote unapita mbele ya macho ya mtu mmoja ni kaunta ya duka.

Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kubana: inveta isiuzwe bila kebo zake na fyuzi yake ndani ya boksi, na karatasi moja ya Kiswahili yenye mchoro. Wauzaji watasema bei itapanda na mteja atahamia duka la jirani. Ni kweli, kama sharti litakuwa la duka moja. Likiwa la wote pale bandarini mzigo unapoingia, jirani naye hana pa kukimbilia.

Hadi hilo litokee, kipimo cha bure unacho mwenyewe. Leo usiku, vitu vyote vikiwa vimewaka kwa saa moja, pitisha kiganja juu ya ganda la waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye inveta, bila kugusa chuma. Uvuguvugu kidogo ni kawaida. Ukilazimika kuondoa mkono, zima inveta, na kesho urudi dukani na swali la ampea.