Redio Mpya, Kikuza Sauti Kimya

Baba mmoja wa parokia yetu alitia redio mpya katika motokari yake. Stesheni zilisikika vema; lakini alipochomeka flashi yenye nyimbo za kwaya, kimya kabisa! Fundi akasema kikuza sauti kilichotoka kiwandani pamoja na gari kimekufa, kinunuliwe kingine. Karo ya watoto ilikuwa karibu kwenda huko.

Tulimsihi tutazame nyaya kwanza, betri ikiwa imefunguliwa. Waya wa kuamsha kikuza sauti ulikuwa umeungwa na ule wa buluu wa redio, ambao ni wa antena: katika redio nyingi hutoa volti 12 wakati wa kusikiliza stesheni tu. Tukauunga na ule wa buluu wenye mstari mweupe, upatao umeme muda wote redio iwakapo. Kwaya ikaimba. Karo imelipwa Jumatatu.